Saa gani ya kuaminiwa? Jinsi saa za atomiki zinavyopimwa uthabiti, na kwa nini jambo hilo linatugusa hapa Uvira



Abiria anayepanda boti pale Kalundu kwenda Kigoma anajua kwamba akifika atasogeza saa yake mbele kwa saa moja nzima. Akipiga simu Kinshasa, huko wako nyuma yetu saa moja. Bujumbura tuko nao sawa. Mambo hayo ni mapatano ya serikali tu, na mtu akiyajua hayamsumbui. Leo nataka tuzungumzie swali lililo chini yake, ambalo wengi wetu tulilipita haraka kwenye kozi ya fizikia: saa mbili zikipishana, nani anajua ipi imekosea? Na kama hakuna saa ya tatu iliyoshuka kutoka mbinguni, tunapimaje saa kwa saa?

Swali linaonekana la kitoto. Lakini mnara wa simu, ramani iliyo kwenye simu yako, na hata kipimo cha maji ya Tanganyika yaliyoingia nyumbani kwa watu, vyote vinategemea jibu lake.

Usahihi na uthabiti si kitu kimoja

Tuanze na saa mbili za mkononi. Kila siku saa sita mchana tunaandika zimepishana sekunde ngapi na saa nzuri ya marejeo.

Saa ya kwanza inatoa: 0, 2, 4, 6, 8.
Saa ya pili inatoa: 0, 1, -1, 2, 0.

Ukiuliza mtu njiani, atakuambia ya pili ndiyo nzuri, maana siku ya mwisho imerudi kwenye sifuri. Fundi wa saa atachagua ya kwanza bila kusita. Kwa nini? Kwa sababu ya kwanza inakosea kila siku kwa kiasi kilekile, sekunde 2. Kesho najua itasema nini. Natoa mbili, kazi imekwisha. Ya pili haitabiriki: leo inakimbia, kesho inachoka, keshokutwa inakimbia tena.

Hapo ndipo tunatofautisha maneno mawili. Usahihi ni kuwa karibu na thamani ya kweli. Uthabiti ni kubaki vilevile muda ukipita. Kosa lisilobadilika linasahihishwa kwa kutoa au kujumlisha. Kosa linaloyumba halina dawa hiyo.

Saa ya atomiki ni nini hasa

Kila saa ina vitu viwili: kitu kinachotikisika na kitu kinachohesabu mitikisiko. Idadi ya mitikisiko ndani ya sekunde moja ndiyo vitabu vinaita masafa. Katika saa ya kawaida ya mkononi kuna fuwele ndogo ya kwatzi inayotikisika mara 32,768 kwa sekunde. Namba hiyo haikuokotwa: ni 2 iliyozidishwa kwa yenyewe mara 15, kwa hiyo mzunguko wa umeme unaigawa kwa mbili mara 15 na kupata pigo moja kwa sekunde.

Shida ya kwatzi ni kwamba inasikia joto. Nyingi zimekatwa ili ziwe bora kwenye nyuzi 25. Ukizipeleka kwenye nyuzi 35, hali ambayo sisi wa kando ya ziwa tunaijua vizuri, saa inachelewa karibu theluthi moja ya sekunde kwa siku. Fuwele nayo inazeeka, na hakuna fuwele mbili zinazofanana kabisa.

Atomu hazina tabia hiyo. Atomu ya sesiamu iliyoko Uvira ni sawasawa na ile iliyoko Paris. Mwaka 1955, Louis Essen na Jack Parry wa maabara ya taifa ya fizikia ya Uingereza, kule Teddington, waliwasha saa ya kwanza ya sesiamu iliyofanya kazi kweli. Mwaka 1967 dunia ikakubaliana kwamba sekunde ni mitikisiko 9,192,631,770 ya mnururisho unaolingana na mruko kati ya ngazi mbili za nishati za atomu ya sesiamu 133. Tangu hapo sekunde haipimwi tena kwa mwendo wa Dunia.

Lakini msidhani atomu ndiyo inayopiga tiki-taka yenyewe. Ndani ya saa ya sesiamu bado kuna fuwele ya kwatzi. Kazi ya atomu ni kuikosoa ile kwatzi kila mara: umepanda, shuka, umeshuka, panda. Ukosoaji wenyewe una kelele ndani yake, na ndio maana hata saa za atomiki zinayumba kidogo. Swali linabaki: kidogo kiasi gani?

Kipimo cha David Allan

Zamani wahandisi walitumia kipimo cha kawaida cha takwimu: tafuta wastani, kisha angalia data imetawanyika vipi kuzunguka wastani huo. Kwa saa, njia hiyo inavunjika. Masafa ya saa huteleza polepole, kwa hiyo kadiri unavyopima siku nyingi, mtawanyiko unaongezeka tu. Namba haitulii. Inategemea umepima kwa muda gani, si saa iko vipi.

Mwaka 1966 Mmarekani David Allan, aliyefanya kazi katika maabara ya viwango kule Boulder, alitoa njia nyingine: usilinganishe kila siku na wastani mkuu, linganisha kila siku na jirani yake.

Turudi kwenye saa zetu mbili. Ya kwanza mwendo wake kwa siku ni 2, 2, 2, 2. Tofauti kati ya siku na siku inayofuata ni 0, 0, 0. Uthabiti kamili. Ya pili mwendo wake ni 1, -2, 3, -2. Tofauti za majirani ni -3, 5, -5. Vipeo vya pili ni 9, 25, 25. Wastani wake ni karibu 19.7. Gawa kwa mbili, kwa sababu kila tofauti imebeba kuyumba kwa siku mbili: 9.8. Kipeuo chake ni karibu 3.1. Kwa hiyo saa hii inayumba kama sekunde 3.1 kwa siku. Gawa kwa sekunde 86,400 za siku, unapata 3.6 × 10⁻⁵. Namba hiyo ya mwisho ndiyo mkengeuko wa Allan, na ikiwa ndogo saa ni thabiti zaidi.

Hesabu hii ni ya darasa la sekondari. Lakini ndiyo inayotumika kulinganisha saa za gharama kubwa kabisa duniani.

Hakuna saa bora bila kusema kwa muda gani

Hapa ndipo wengi wanapotea. Ukiuliza "saa gani ni thabiti kuliko zote?", fundi atakuuliza kwanza: kwa sekunde moja, kwa siku moja, au kwa mwaka?

Fuwele nzuri ya kwatzi iliyofungiwa kwenye chumba cha joto lisilobadilika inaweza kuishinda saa ya sesiamu ya dukani ndani ya sekunde moja. Kwatzi haina kelele nyingi, wakati sesiamu kwa sekunde moja inayumba karibu 10⁻¹¹. Subiri siku moja, mambo yanageuka: kwatzi imeanza kuteleza kwa kuzeeka, na sesiamu imewasikiliza atomu wengi hadi kelele zimejifuta zenyewe, imeshuka karibu na 10⁻¹⁴. Saa ya rubidiamu ni ndogo na si ghali sana; ni nzuri kwa saa chache, kisha inateleza mwezi kwa mwezi. Meza ya haidrojeni, ambayo wataalamu wanaiita maza, ni bingwa wa kati: kwa siku moja inafika karibu 10⁻¹⁵, lakini kwa miezi mingi nayo inahama.

Ni kama watu wa kubeba mizigo. Kuna anayekimbia mita mia na gunia, na kuna anayetoka Fizi hadi Uvira kwa mguu bila kupumzika. Ukitaka kuwalinganisha, taja kwanza safari.

Ndio maana setilaiti za mfumo wa Galileo wa Ulaya zimewekewa saa nne kila moja: maza mbili za haidrojeni na mbili za rubidiamu. Si anasa. Mwezi wa Januari 2017 shirika la anga la Ulaya lilitangaza kwamba saa 9 zilikuwa zimekufa huko juu. Setilaiti ziliendelea na kazi kwa sababu zilikuwa na saa za akiba.

Saa tatu, na ukweli unajitokeza

Sasa tuje kwenye fumbo lenyewe. Katika mfano wetu nilisema "saa nzuri ya marejeo". Je, kama saa unayoipima ndiyo bora kuliko zote ulizo nazo? Ukiwa na saa mbili tu, unaona zinapishana, lakini huwezi kujua nani anayumba. Ni kama mashahidi wawili wanaobishana mbele ya chifu.

Leta wa tatu. Ziite A, B na C. Ikiwa kila saa inayumba kivyake bila kumfuata mwenzake, basi kipeo cha pili cha kuyumba kati ya A na B ni jumla ya cha A na cha B. Tuseme umepima ukapata:

A na B: 5
B na C: 13
A na C: 10

Chukua jozi zote mbili zenye A, toa jozi isiyo na A, gawa kwa mbili: (5 + 10 - 13) ÷ 2 = 1. Fanya hivyo kwa B: (5 + 13 - 10) ÷ 2 = 4. Na C: (13 + 10 - 5) ÷ 2 = 9. Ukichukua vipeuo, A inayumba 1, B inayumba 2, C inayumba 3. Umejua tabia ya kila mmoja, na hukuwa na saa ya kweli hata moja! Mafundi wanaiita njia hii kofia ya pembe tatu.

Lakini sharti ni moja, nalo ni zito: kila saa iyumbe kivyake. Ukiziweka zote tatu kwenye dirisha moja linalopigwa na jua, zitachelewa pamoja mchana na kuharakisha pamoja usiku. Zitasifiana, na wewe utadhani ni thabiti kumbe zote zimepotoka. Wakati mwingine hesabu inakupa hata namba hasi, kitu kisichowezekana kwa kipeo cha pili. Hapo ujue ama data ni chache, ama mashahidi walikutana usiku kupanga maneno.

Kulinganisha saa zilizo mbali

Na kama saa moja iko Nairobi na nyingine iko Paris? Fikiria radi inayopiga katikati ya ziwa usiku. Mtu mmoja wa Uvira anaiona, anaandika saa yake inasema nini. Mwingine wa Bujumbura anaiona radi ileile, naye anaandika. Kesho wanakutana mpakani Kavimvira na karatasi zao. Hakuna anayejua radi ilipiga saa ngapi za kweli, na hakuna haja. Wakitoa namba moja kwa nyingine, radi inajifuta, inabaki tofauti ya saa zao mbili.

Maabara zinafanya hivyohivyo, ila badala ya radi wanatumia setilaiti za GPS na Galileo. Nairobi, Shirika la Viwango la Kenya lina maabara ya muda yenye saa ya sesiamu. Maabara zaidi ya 80 duniani zinapeleka vipimo vyake kwenye ofisi ya kimataifa ya vipimo iliyoko Sèvres, karibu na Paris. Ofisi hiyo inachanganya mamia ya saa, na kila saa inapewa uzito kulingana na jinsi inavyotabirika. Saa inayoyumba inasikilizwa kidogo, saa tulivu inasikilizwa zaidi. Matokeo ndiyo muda wa UTC, ambao dunia nzima inaufuata. Tena UTC yenyewe ni saa ya kwenye karatasi: inakokotolewa kila mwezi baada ya siku kupita.

Kwa hiyo muda wa dunia hauna mfalme. Ni baraza ambamo kila mmoja anapimwa na wenzake.

Hata mlima unaingia kwenye hesabu

Einstein alionyesha kwamba saa iliyo juu inakwenda haraka kuliko iliyo chini. Karibu na uso wa Dunia, kila mita moja ya kupanda inaongeza karibu 1.1 × 10⁻¹⁶. Ziwa letu liko karibu mita 773 juu ya bahari. Kwa hiyo saa bora iliyowekwa ufukweni Uvira ingeitangulia yenzake ya Mombasa kwa karibu nanosekunde 7 kila siku. Ukiipandisha milimani, mita 2,000 juu ya ziwa, itaitangulia ya ufukweni kwa nanosekunde 19 hivi kwa siku. Kule Boulder, kwenye mita zaidi ya 1,600, wanalazimika kutoa kosa hili kila wanapopeleka vipimo vyao.

Ukigeuza hesabu, saa inakuwa chombo cha kupima urefu. Mwaka 2020 watafiti wa Japani walichapisha matokeo ya saa mbili za strontiamu, moja chini na nyingine mita 450 juu kwenye mnara wa Tokyo Skytree. Tofauti ya mwendo ilionekana wazi. Saa bora za aina hiyo zimefika 10⁻¹⁸, maana yake zinasikia kupanda kwa sentimita moja.

Basi sisi inatuhusu nini?

Kwanza, rezo. Minara ya simu ya kisasa inayotumia masafa yaleyale kwa kutuma na kupokea inatakiwa kubaki ndani ya mikrosekunde 1.5 ya muda wa pamoja, la sivyo inaingiliana. Mara nyingi mnara unachukua muda kutoka GPS. GPS ikipotea, mnara unabaki na saa yake ya ndani. Tufanye hesabu rahisi: kama saa hiyo ina kosa la 10⁻⁹, mikrosekunde 1.5 zinaisha baada ya dakika 25. Kwa 10⁻¹⁰ unapata saa nne na kidogo. Kwa 10⁻¹¹, kama saa 41. Na GPS kupotea si hadithi: mwaka 2024 Umoja wa Mataifa ulilalamika hadharani juu ya kuvurugwa kwa mawimbi hayo Kivu Kaskazini. Mhandisi anayenunua vifaa vya mnara ndiye anayeamua, kwa namba moja kwenye karatasi ya vipimo, kama mtaa utabaki na mawasiliano au hapana siku ambayo watu wanayahitaji kuliko siku zote.

Pili, ziwa. Miaka ya 2021 na 2024 tuliona maji yakila nyumba na barabara kando ya Tanganyika, kwetu na kule Gatumba. Kila familia iliyopoteza kiwanja inauliza: maji yatarudi? Yatapanda tena? Kujibu unahitaji kipimo cha miaka mingi kisichoyumba. Tangu 1992 setilaiti kama TOPEX/Poseidon, kisha Jason na Sentinel-6, zinatuma pigo la rada kutoka kilomita 1,336 juu na kuhesabu muda wa mwangwi kurudi. Anayehesabu muda huo ni osileta ya kwatzi ndani ya setilaiti. Masafa yake yakikosewa kwa 10⁻⁸ tu, urefu wa maji unakosewa kwa zaidi ya sentimita moja. Na jambo hili limewahi kutokea: mwaka 1996 iligunduliwa kwamba programu ya kurekebisha kuteleza kwa osileta ya TOPEX ilikuwa na kosa, na bahari zilionekana zinapanda haraka kuliko ukweli. Waliligundua kwa sababu kulikuwa na vipimo vya majini vya kulinganisha. Shahidi mwingine, asiyesimama kwenye dirisha lilelile.

Ndiyo maana setilaiti peke yake haitoshi. Kijiti cha kupimia maji bandarini, kinachosomwa kila siku na mtu mwaminifu, nacho ni shahidi. Kipimo cha Kigoma ni shahidi, cha Kalemie, mahali Lukuga inapotoa maji ya ziwa, ni shahidi pia. Ziwa ni la nchi nne. Tukipata vipimo vitatu vinavyojitegemea, tunajua kipi kinayumba. Tukiwa na kimoja, tunabaki kukiamini tu, na juu ya imani hiyo watu wanajenga nyumba.

Kwa wanafunzi wanaotafuta kazi ndogo ya utafiti isiyohitaji pesa: chukueni saa tatu za bei rahisi, moja ndani ya mtungi kivulini, moja mezani, moja mkononi. Kila siku saa ileile andikeni tofauti za jozi zote tatu kwa siku 30. Fanyeni hesabu ya Allan, kisha ya kofia ya pembe tatu. Mtajua saa ipi ni tulivu bila kumuuliza mtu yeyote muda wa kweli. Mkipata namba hasi, msiifute. Tafuteni saa zipi zilikuwa zinasikia joto moja.